Panya hajibu asiloulizwa

Ashukaye kivukoni upande wa Likoni, akaupanda mteremko kuelekea yanakoegeshwa matatu, hana budi kupita mbele ya wauza dawa za miti. Juu ya mikeka yao mna magome, mizizi iliyofungwa matita madogo madogo, na majani makavu yaliyosagwa yakatiwa katika chupa zilizokwisha kazi yake ya kwanza. Hali ni hiyo hiyo Kongowea, na Changamwe vilevile. Zamani muuza dawa alijitambulisha kwa ukoo wake na kwa jina la mzee aliyemfundisha. Siku hizi baadhi yao wameongeza sifa nyingine: dawa imepimwa maabarani. Ukidadisi zaidi utaambiwa kwamba ilijaribiwa kwa panya, na panya akapona.

Hatuandiki haya ili kumkejeli muuza dawa. Huenda asemayo ni kweli. Mimea mingi itumiwayo na watu wa Pwani kwa maradhi ya tumbo imekwisha kupitishwa katika matumbo ya panya, ama humu nchini ama ng'ambo, na matokeo yake yamechapishwa. Shida ni kwamba sentensi hiyo, hata ikiwa kweli tupu, haimwambii mnunuzi lile analodhani ameambiwa. Na wale ambao tungetarajia wamfumbulie jambo hilo, yaani walimu wetu wa sayansi na wanafunzi wao, wamezoezwa katika maabara za shule kutafuta jibu lililokwisha kuandikwa nyuma ya kitabu. Ni wachache waliofunzwa kuuliza: jaribio hili lilikuwa lauliza nini?

Tuchukue mpera, mti usiokosekana nyuani mwa Kisauni. Mtoto akiendesha, bibi yake huchuma majani machanga, akayachemsha mpaka maji yakageuka rangi ya kahawia, akayapoza na kumnywesha kwa kikombe. Wengi wetu tumenyweshwa maji hayo, na ule ukakasi wake tungali nao ulimini. Twauita mti huu dawa ya asili ingawa asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, kama ambavyo mwarobaini, tulioupa jina kwa hesabu ya maradhi uyatibuyo, ni mgeni kutoka Bara Hindi. Tiba ya Pwani haijapata kumnyima mgeni kitanda.

Wataalamu wameyapeleka majani ya mpera maabarani mara nyingi. Mwaka 1989 mtafiti Lutterodt alieleza jinsi kwasetini, kemikali iliyomo katika majani hayo, izuiavyo utumbo kutoa asetilikolini, ambayo ndiyo huiamrisha misuli ya utumbo kukaza. Mwaka 1992 akachapisha matokeo kwamba dondoo la majani hayo lilizuia kuhara kwa panya walioharishwa kwa makusudi. Mwaka 2008 Ojewole na wenzake, huko Afrika Kusini, wakaripoti matokeo ya namna hiyo hiyo kwa panya waliopewa dondoo la maji. Basi bibi hakukosea. Majani ya mpera yana nguvu juu ya utumbo.

Yafaa msomaji ajue nguvu hiyo hupimwaje, kwa kuwa ndani ya utaratibu wa kupima ndimo mlimo siri yote. Kipimo kimoja mashuhuri ni kile cha makaa. Panya hushindishwa njaa usiku kucha, wakaachiwa maji tu. Asubuhi kila mmoja hupimwa uzito, maana dawa hutolewa kwa kadiri ya uzito. Hugawanywa makundi: kundi moja hupewa maji matupu, la pili hupewa dawa ya hospitali ambayo utendaji wake wajulikana, kama atropini, na makundi mengine hupewa dondoo la mti kwa vipimo vipandavyo, tuseme miligramu 100, kisha 200, kisha 400 kwa kila kilo ya mwili. Dawa hupitishwa kwa sindano butu hadi tumboni, kwani panya hana hiari ya kunywa kichungu. Baada ya muda hunyweshwa uji wa unga wa makaa. Makaa hayafyonzwi na mwili. Husafiri tu na utumbo, yakaacha weusi kila yapitapo. Baada ya nusu saa hivi panya huuawa, na utumbo wake mwembamba ukanyooshwa mezani kando ya rula. Mtafiti hupima makaa yamefika wapi tangu mlango wa chini wa tumbo, akaigawa hesabu hiyo kwa urefu wa utumbo mzima. Iwapo kwa panya wa maji matupu makaa yamekwenda sehemu 80 katika 100, na kwa panya wa dondoo yamekwenda sehemu 45, ataandika kwamba mti huo umepunguza mwendo wa utumbo.

Kipimo cha pili hutumia mafuta ya mbarika, yale yale yaliyoharibu siku za likizo za wazazi wetu. Panya waliokwisha kupewa dondoo hunyweshwa mafuta hayo, karatasi nyeupe hutandikwa chini ya vizimba, na kwa saa kadhaa mtafiti huketi akihesabu vinyesi vya maji. Ni kazi isiyo na fahari, lakini ina faida yake. Kwa karne nyingi watu walijua kwamba mafuta ya mbarika huharisha. Hawakujua ni kwa mlango gani. Mwaka 2012 watafiti huko Ujerumani walitumia panya walioondolewa kipokezi kimoja, kiitwacho EP3, katika misuli ya utumbo wao, wakaona kwamba panya hao, wakinyweshwa mafuta hayo, hawakuhara kama wenzao. Jibu kama hilo lisingepatikana kwa kumtazama binadamu.

Sasa tuirudie ile sentensi ya mkekani. Panya wa makaa aliulizwa: je, kitu hiki chapunguza mwendo wa utumbo? Naye akajibu kwa uaminifu kwamba chapunguza. Hakuulizwa kama mtoto wa Mtongwe atapona.

Maswali hayo mawili yana umbali mkubwa kati yake kuliko watu wadhanivyo. Mtoto aendeshaye hauawi na mbio za utumbo. Huuawa na kutokwa maji na chumvi mwilini, mpaka damu ikapungua mishipani na moyo ukakosa cha kusukuma. Jambo hili lilibainika wazi mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon mpakani mwa India. Kipindupindu kiliingia kambini na maji ya mishipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyotiwa chumvi na sukari, kwa vikombe, na jamaa zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Utumbo wa wagonjwa wale haukufungwa kwa dawa yoyote. Waliendelea kuhara huku wakipona. Lau angalitokea mtafiti akayapeleka maji yale ya chumvi na sukari katika kipimo cha makaa, yangalishindwa, naye angaliandika kwamba hayana faida.

Upande wa pili, iko dawa ambayo katika kipimo cha makaa hufua dafu: loperamaidi. Huufunga utumbo barabara. Hata hivyo madaktari hawawapi watoto wadogo, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi dhidi ya kuwapa watoto wenye kuhara dawa za kufunga utumbo. Kuhara kwa damu, kwa mfano, ni vita baina ya mwili na vijidudu, na kuufunga mlango ni kuwafungia adui ndani.

Fikirini basi mama wa Mtongwe, saa nane za usiku. Mtoto wake ameendesha tangu alasiri. Amemnywesha maji ya majani aliyoyanunua mchana kwa mtu aliyemwambia yamepimwa, na kweli, kufikia usiku wa manane kuhara kumekoma. Mama anashusha pumzi. Lakini macho ya mtoto yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, na tangu magharibi hajakojoa. Alama hizo mama hazihesabu, kwa kuwa alama aliyofundishwa kuiangalia ni moja tu, nayo imekwisha kumpa habari njema. Anaamua kungoja kupambazuke ndipo avuke kwenda hospitali. Ni kweli kwamba siku hizi iko njia ya nchi kavu kupitia Dongo Kundu, lakini kwa asiye na gari saa hizo, Likoni ingali ni ng'ambo.

Hatumtungi mama huyu ili kuwatisha watu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba maradhi ya kuhara yangali yakiua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Na yeyote aishiye bara la Mombasa ajua maji yetu yalivyo: mfereji uletao maji ya Marere na Tiwi upande wa Likoni, au ya Baricho upande wa Kisauni, hukauka siku kadhaa, kisha watu hurudi kwa mkokoteni wa mitungi na kwa kisima kilicho hatua chache kutoka chooni. Tumbo la mtoto wa huku lina kazi ambayo tumbo la panya wa maabara, alelewaye kwa chakula cha pakiti na maji safi, halijapata kuijua.

Tofauti za panya na mtu haziishii hapo. Panya hawezi kutapika. Maumbile hayakumpa uwezo huo. Akila kimdhuricho hana njia ya kukirudisha. Basi mti ambao ungemtapisha mtoto mpaka akazidi kukauka, kwa panya hautaonyesha dalili hiyo hata ukijaribiwa mara mia. Panya mkubwa wa maabara, aliye jamaa wa panya wa magatini, hana mfuko wa nyongo. Aidha hula vinyesi vyake mwenyewe, jambo ambalo huchanganya hesabu za mmeng'enyo hadi watafiti wakalazimika kumweka juu ya sakafu ya waya. Mwalimu wa biolojia atakayeyaeleza haya darasani hatapata mwanafunzi wa kusinzia.

Liko pia jambo la upishi. Bibi huchemsha majani kwa maji. Maabara nyingi huyaloweka katika methanoli au spiriti, kisha zikaikausha mpaka libaki gamba zito, ndilo wapewalo panya. Spiriti hukamua vitu ambavyo maji hayavikamui, na moto huharibu vitu ambavyo baridi huvihifadhi. Anayesoma kwamba dondoo la methanoli la mti fulani lilimfaa panya, akaenda kuchemsha mti huo jikoni, atumia dawa nyingine kabisa iliyotoka katika mti ule ule. Mchina Tu Youyou aligundua uzito wa jambo hili alipokuwa akitafuta dawa ya malaria. Dondoo zake za kwanza zilikuwa na nguvu ya kusuasua. Aliporejea maandishi ya tabibu Ge Hong, wa karne ya 4, aliona kwamba yule mzee aliagiza mmea uloweshwe na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Tu akabadili utaratibu wake, akatumia joto dogo, na Oktoba 1971 dondoo nambari 191 likawasafisha panya malaria yote. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Wapo wanaoisimulia habari hii kuwa ushindi wa maabara juu ya waganga. Sisi twaisoma kinyume: maabara ilifaulu siku iliyokubali kumsikiliza mganga anavyotengeneza dawa yake.

Na iko hesabu, ambayo twawasihi walimu waitoe darasani wiki hii. Tuseme dondoo fulani limemfaa panya mdogo kwa kipimo cha miligramu 400 kwa kilo. Mtu mzima ana kilo 60. Mwanafunzi wa haraka atazidisha, apate gramu 24. Atakuwa amekosea, na kosa hilo laweza kuua. Mwili mdogo huzichoma dawa kwa kasi kuliko mwili mkubwa, na kwa sababu hiyo wataalamu hulinganisha kwa ukubwa wa ngozi badala ya uzito. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, yaelekeza kipimo cha panya mdogo kigawanywe kwa 12.3 kabla ya kuzidishwa kwa kilo za mtu. Hapo gramu 24 zageuka takriban gramu 2. Kisha, kwa ajili ya usalama wa wale watakaoanza kujaribiwa, hugawanywa tena kwa 10. Muuza dawa asemaye "vijiko vitatu" hajapitia hesabu hii, wala hatumlaumu. Lakini aliyesoma kidato cha nne aweza kuipitia.

Mwarobaini watupa mfano mkali zaidi. Huko Kolkata, watafiti walianza na panya, wakaona kwamba dondoo la gome la mwarobaini hupunguza asidi ya tumbo na kukinga vidonda. Hawakuishia kwa panya. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya watu: miligramu 30 mara mbili kwa siku, kwa siku 10, zilipunguza asidi kwa sehemu 77 katika 100. Hiyo ni kazi iliyokwenda hatua kwa hatua hadi kwa mgonjwa. Lakini mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walikuwa wameripoti habari ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini, wakashikwa na degedege, ini na ubongo vikadhurika. Mti ni ule ule. Gome si mbegu, mtu mzima si mchanga, na maji si mafuta. Mtu akikuambia "mwarobaini umepimwa", hajakuambia chochote mpaka aseme sehemu gani, kwa namna gani, kiasi gani, na kwa nani.

Mpera nao umefika kwa watu. Mwaka 2000 watafiti wa China walichapisha habari za kuwatibu kwa mpera watoto wenye kuhara kuletwako na virusi vya rota. Mwaka 2002 huko Meksiko watu wazima wenye kuhara walipewa vidonge vya majani ya mpera, na muda wa maumivu ya tumbo ukafupika. Majibu hayo ni madogo kuliko sifa zitolewazo mkekani, nasi twayathamini kwa udogo wake. Kwa bibi wa Kisauni maana yake ni kwamba anaweza kuendelea kuchemsha majani yake, mradi kikombe cha maji ya chumvi na sukari kitangulie, na mtoto mwenye damu kinyesini au macho yaliyodidimia apelekwe hospitali hata kama kuhara kumekoma.

Huenda mwanafunzi mwenye ari, akiisha kusoma haya, akatamani kukamata panya wawili na kuanza. Asithubutu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumfanyia mnyama jaribio bila leseni, na sheria hiyo ina haki. Tangu mwaka 1959, Waingereza Russell na Burch walipoandika kitabu chao juu ya majaribio yenye utu, watafiti wamekubaliana kwamba aweza kuachwa mnyama aachwe, awezapo kupunguzwa apunguzwe, na lazima ikiwapo basi maumivu yake yapozwe. Twaongeza letu. Panya 30 waliouawa kujibu swali lisilomsaidia mgonjwa ni ukatili hata kama leseni ipo ukutani. Majarida ya dunia yamejaa makala za makaa na mafuta ya mbarika, mti baada ya mti, na nyingi mno kati yake hukomea pale panya alipokomea. Vyuo vyetu visiongeze kichaka hicho kwa ajili ya shahada tu.

Kwa shule iko njia isiyohitaji panya, na kwa bahati yapatana na watu wa bahari. Ni uduvi wa majichumvi, ambao mayai yake makavu yakitiwa katika maji ya chumvi huanguliwa kwa siku moja au mbili. Tangu mwaka 1982 wanasayansi huwatumia kupima sumu: vijidudu hivyo vikitiwa katika dondoo, huhesabiwa vilivyokufa baada ya saa 24. Nguta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya hivyo hivyo na mimea ya Msambweni, huko kusini mwa Likoni. Kwanza waliketi na waganga, wakaandika mimea yao ya kutibu malaria, habari iliyochapishwa mwaka 2010. Kisha wakaipima kwa uduvi. Shule ya sekondari ya Changamwe yenye glasi chache, taa na darubini ndogo yaweza kuiga hatua hiyo ya pili kwa mpera na mwarobaini, na kujifunza maana ya kundi la ulinganisho, ya kurudia jaribio, na ya kukubali matokeo yasiyompendeza mtu. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya KMFRI ipo Mkomani, mwendo mfupi kutoka shule nyingi za Kisauni. Walimu wawaulize wataalamu wa pale kuhusu uduvi hao.

Yule mganga wa hatua ya kwanza asisahauliwe. Miaka ya 1990 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa idara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya kumiliki dawa ya ukungu itokanayo na mafuta ya mwarobaini. Wahindi wakaleta ushahidi kwamba wakulima wao waliitumia zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Kenya ilipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imetenga sehemu nzima kwa tiba za asili. Sheria hizo hazitamfaa mzee wa Mtongwe ikiwa mwanafunzi wa chuo atakuja na daftari, akaandika alichoambiwa, akaondoka bila ya kuacha jina, wala kumrudishia mzee habari ya kile panya alichojibu. Profesa Kokwaro alipochapisha kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976 aliwahifadhia Wakenya maarifa mengi ambayo yangezikwa na wenyewe. Vijana wa leo wana simu za kupiga picha na kunasa sauti. Wana udhuru mdogo kuliko wake.

Twaiomba idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa nayo ifanye jambo dogo. Isiwafukuze wauza dawa kivukoni, kwani watahamia vichochoroni. Iwaite, iwaandikishe, na iwatake waandike juu ya kila chupa jina la mti, sehemu iliyotumiwa, namna ilivyotengenezwa, na watu ambao hawapaswi kuinywa, watoto wachanga na wajawazito wakiwa wa kwanza. Neno "imepimwa" lisiruhusiwe kusimama peke yake. Liandikwe limepimwa kwa nani.

Hayo yatachukua muda. Lisilohitaji muda ni hili. Pakiti za ORS hupatikana katika zahanati, na vidonge vya zinki ambavyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliagiza mwaka 2004 watoto wapewe kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ikikosekana usiku, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa visizidi ukingo. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na akitapika, wangoje dakika 10 na kuanza upya. Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe waweza kuyaandika haya ubaoni Jumatatu asubuhi, watoto wakayanakili na kuyapeleka nyumbani.